Jiwe Lisilojua Utani

"Mnyamwezi! Leo umekuja kuniibia nini?"

Kila Ijumaa asubuhi, Kalunde Maganga alipoweka kiganja juu ya jiwe, swali lilikuwa hilo hilo na sauti ile ile, ya mwanamke wa makamo ambaye kicheko chake hakikai mbali na meno. Mwenye sauti, Sikudhani binti Pazi, alikuwa amelala kwenye makaburi ya Kitopeni tangu Kalunde angali na nywele nyeusi. Sasa Kalunde alikuwa kikongwe wa kutembelea fimbo, na shoga yake amebaki na umri ule ule aliofia, utadhani amegoma kuzeeka ili apate kumcheka mwenzake.

"Niibe nini kwa Mzaramo?" Kalunde alijibu, akijishusha kwenye kigoda chake. "Minazi mliuza, hela mkachezea ngoma. Umebaki mifupa mitupu, nayo haitoshi hata supu."

Jiwe likacheka. Kalunde naye akacheka, ingawa mzaha huo alikuwa ameusema Ijumaa iliyopita, na iliyotangulia, na nyingine nyingi nyuma yake.

Watu waliliita shahidi. Tangu zamani mawe ya kichwani na miguuni pa kaburi yaliitwa mashahidi, na hili jipya lilisimikwa pale pale kichwani, jeusi, halikuzidi urefu wa mchi. Tofauti yake ni kwamba la zamani lilijua kunyamaza. Hili lilipelekwa kwanza msibani, likakaa jamvini katikati ya wafiwa, likasikiliza yote yaliyosemwa juu ya marehemu hadi arobaini. Kisha lilifungwa. Tangu hapo marehemu aliongea nawe kwa sauti yake, akiyakumbuka maisha yake kama waliomzika walivyoyasimulia. Ungeweza kumpa habari mpya, akazisikia na kuzijibu vizuri tu. Ukiondoa kiganja, zinamtoka zote. Kwa hiyo Sikudhani hakuwahi kuchoka na mzaha wa Kalunde, na Kalunde, ambaye hakuwa na mtu mwingine wa kumtania duniani, alimshukuru Mungu kwa usahaulifu huo.

Palikuwa na jambo moja ambalo hakuwahi kuligusa mbele ya jiwe, nalo ni habari za mtoto. Alijiambia ni kumhurumia marehemu. Tusimwamini sana. Alikuwa anajihurumia yeye.

Siku hiyo mzaha haukufika mbali. Mwanamke mmoja alikuwa anakuja kati ya makaburi, mkoba begani, chupa ya marashi mkononi, akisoma majina. Alitembea bega la kushoto likitangulia, kama anayepita kwenye mlango mwembamba. Kalunde aliliona bega lile kabla ya kuuona uso.

"Shikamoo, Bibi. Natafuta kaburi la Sikudhani Pazi."

"Marahaba, mwanangu." Kalunde aliinuka akaisahau fimbo. "Wewe ni Mwavita."

Mgeni alirudi nyuma hatua. "Huko Manyoni nilikolelewa naitwa Rehema. Juzijuzi damu yangu ilipopimwa ndipo nikaambiwa kwamba mama yangu ni wa hapa, amezikwa hapa, na kwamba nilizaliwa na jina hilo. Wewe umenijuaje?"

"Nimekujuaje! Nimekuogesha kwa mikono hii. Nywele zako za kwanza nimezinyoa mimi, ukaninyea!" Kalunde akapiga kigelegele, kunguru wakaruka kutoka kwenye uzio. Akamshika mgeni mkono, akamvuta hadi kaburini. "Mama yako huyu. Weka kiganja, mwite. Mimi nakaa kule pembeni, haya ni yenu wawili."

Akaenda kusimama kwenye uzio, machozi yakimtiririka bila aibu. Alimwona Mwavita akipiga magoti. Aliona midomo yake ikicheza, kisha akamsikia akicheka, na kicheko kilikuwa cha mama yake kitupu, hata mahali pa kuvuta pumzi ni pale pale. Kalunde alidhani sasa anaweza kufa.

Ndipo Mwavita akaunyakua mkono wake kutoka juu ya jiwe kama aliyegusa sufuria ya moto.

Alikuja hadi kwenye uzio, uso umesawijika. "Nimemuuliza kwa nini alinitoa," alisema. "Amesema aliniuza. Kwa debe la mafuta."

*

Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema. Hawakusema kwamba unaweza kukiponza kichwa cha mtu mwingine, tena aliyekwisha kufa.

"Hayo maneno ni yangu," Kalunde alisema. "Niliyasema mimi, msibani."

"Kumbe ulijua aliniuza."

"Hakukuuza! Nilikuwa namtania."

Na utamweleza vipi utani mtu aliyekua baada ya utani kufa? Kalunde alijaribu. Alimweleza kwamba Wanyamwezi na Wazaramo walikuwa watani tangu enzi za misafara ya pembe, na kwamba Mzaramo akifa, Mnyamwezi haji kulia, anakuja kutukana. Wenye msiba wakiwa wamevunjika kabisa, mtani huvaa nguo za marehemu, huigiza mwendo wake, hupayuka uongo mkubwa kuliko nyumba, mpaka watu wanacheka huku machozi hayajakauka.

Siku ile Kalunde alivaa gauni la Sikudhani. Alitembea bega mbele. Alilaza mchi mlangoni jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, akaanza kumsema marehemu: mwizi wa kuku, mchoyo, mlevi wa togwa. Kila alilolitamka, watu waliitikia kwa kishindo, "Kweli kabisa! Hata mimi nilimwona!"

Lakini kaka wa marehemu, Mwinyimvua, hakucheka. Tangu alfajiri alikuwa amegeukia ukuta, hali wala hanywi, na kila mtu alijua kinachomkaba ni habari ya mtoto. Mwaka wa homa ya mafuriko, magari ya uokoaji yalichukua watoto wazima peke yao, yakawaacha wakubwa na homa zao. Sikudhani alimbeba Mwavita mgongoni akapita naye kwenye maji ya kiuno, akamkabidhi akiwa mzima. Waokoaji walimpa kila mama debe la mafuta ya kupikia. Baadaye kambi ikahamishwa, majina yakachanganywa, watoto wakapotea. Tangu hapo hadi anakufa, Sikudhani hakukosa treni hata moja. Alisimama stesheni akiuliza abiria kama wamemwona mtoto anayetembea bega mbele. Debe lile hakulifungua. Walilikuta chini ya kitanda limeota kutu.

Msibani hapakuwa na mtu aliyethubutu kuyataja hayo. Kazi ya mtani ni hiyo sasa, kushika pale pasiposhikika. Kalunde alikwenda akasimama mbele ya Mwinyimvua, bega mbele, akabana pua: "Eti namtafuta mwanangu! Mtoto nilimuuza! Kwa debe la mafuta, nikakaangia maandazi, nikala peke yangu!"

Mwinyimvua alicheka mpaka akaanguka. Kisha akalia kilio kilichokuwa kimemkwama tangu alfajiri. Kisha akaomba uji. Nyumba nzima ilikuwa inapiga makofi: "Kweli! Kweli kabisa!"

Na jiwe lilikuwepo jamvini. Lilikuwa la kwanza kufika Kitopeni, na waliolileta waliwaambia waseme kwa uhuru, wasilijali. Lilipima kila neno kwa ukaribu wa msemaji na marehemu, kwa wingi wa walioitikia, na kwa mapigo ya mioyo yao wakati wa kuitikia. Kwa vipimo vyote hivyo, uongo wa Kalunde ulikuwa neno zito kuliko yote yaliyosemwa siku arobaini. Ukweli haukutamkwa hata na mmoja. Kila mtu aliujua, na nani husimama msibani kueleza linalojulikana na wote?

Mwavita alisikiliza hadi mwisho. "Yaani mama wa watu yuko ndani hajazikwa," alisema polepole, "na nyinyi watu wazima mnapiga makofi kwamba ameuza mtoto. Hiyo ndiyo heshima yenu?"

"Hapakuwa na heshima kubwa kuliko hiyo, mwanangu."

"Nipe mtu mwingine aliyekuwepo. Mmoja tu."

Kalunde alitazama huku na huku. Wote walikuwepo, hawakwenda mbali: pale Mwinyimvua, pale jirani Tabu, pale imamu. Alimpeleka kwa Mwinyimvua, akaweka kiganja kwenye jiwe lake. Lakini Mwinyimvua alikufa wakati Kitopeni imeshaanza kuyaogopa mawe. Msibani kwake watani walikatazwa kuingia, na watu walizungumza kama walio mbele ya hakimu.

"Mwinyimvua, ndugu yangu, mwambie huyu habari za dada yako na mtoto."

"Dada yangu alikuwa mcha Mungu," jiwe lilisema kwa upole. "Watoto ni baraka."

"Aliuzwa au hakuuzwa?"

"Tuombeane dua."

Mwavita alicheka, na safari hii hakikuwa kicheko cha mama yake. Kalunde akamburuta kumrudisha kwa Sikudhani, akabandika kiganja, akamweleza shoga yake yote kwa pupa, mafuriko, magari, debe lenye kutu, treni. Sauti ikatoka inatetemeka: "Kumbe sikumuuza? Mwavita, mama, uko hapo? Sikukuuza!"

"Umemlisha maneno, Bibi," Mwavita alisema. "Nimekuona kwa macho yangu ukimlisha. Ondoa mkono."

Kalunde aliondoa mkono. Mwavita akaweka wake, akasubiri, akauliza upya.

"Nilikuuza, mwanangu," Sikudhani alijibu. "Kwa debe la mafuta. Nikala peke yangu."

Mwavita alisimama, akajipangusa mchanga magotini. Alisema kesho anarudi Manyoni kwa treni ya asubuhi, na kwamba walezi wake walimkataza kuja, angewasikia. Aliondoka na chupa yake ya marashi, haijafunguliwa.

*

Fundi wa mashahidi aliitwa Kondo. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja langoni mwa makaburi, na alasiri hiyo alikuwa anakula muhogo wa kukaanga juu ya jiwe jipya lisilo na mtu bado.

"Neno moja peke yake halifutiki, Bibi," alisema. "Hapo mwanzo lilikuwa linafutika. Unajua yaliyotokea? Warithi walikuwa wanakuja usiku kuwafuta wenzao kwenye vichwa vya marehemu. Ndipo likaamuliwa jiwe likishafungwa, limefungwa. Halichongwi tena. Litaachwa au litazimwa."

"Nani anazima?"

"Kiganja kilicholifunga." Kondo aliitazama fimbo ya bibi, kisha akamtazama mwenyewe. "Enzi zenu waliwachagua watani kufunga, kwa sababu mtani harithi kitu. Kwa hiyo ni wewe peke yako. Binti hawezi, mimi siwezi. Kiganja cha kulia juu, cha kushoto ubavuni, unamtaja kwa jina lake na la baba yake. Ila ukizima, hakuna kuwasha, Bibi. Na kicheko kinaondoka, na nyimbo, na yote mazuri. Na wewe siku ukienda, huyo mama hatakuwa na mahali popote duniani."

"Na nikimwacha?"

"Ukimwacha, atakaa hapo atakavyokaa. Atakayekuja kuuliza ataambiwa hivyo hivyo. Wajukuu, vitukuu."

Kalunde aliuvunja muhogo aliopewa, hakuula. "Baba, niambie kweli. Akilisema lile neno, anaumia?"

"Haumii. Mle ndani ni hesabu tu."

"Na mimi nikilia si maji tu?"

Kondo alikuwa kijana mwema, na shule yake haikuwa imelifikia swali hilo. Alimsindikiza bibi hadi langoni akamwambia asifanye haraka, jiwe haliendi popote. Maneno ya busara kabisa. Laiti angeyasikia.

*

Asubuhi yake haikuwa Ijumaa. Kalunde alifika jua likiwa bado la kuotea, akiwa ameisikia treni ya Manyoni ikipiga honi na kuondoka. Akajua mtoto amekwenda zake na hatarudi. Alikaa kwenye kigoda, akaweka kiganja cha kulia.

"Mnyamwezi! Leo umekuja kuniibia nini?"

Kalunde hakutania. "Sikudhani, mtoto wako yuko wapi?"

Kicheko kilikatika.

"Usiniulize hilo, Kalunde."

Alimwita kwa jina. Sikudhani hakuwa na desturi ya kumwita kwa jina, hata alipokuwa hai, ila siku mambo yakiwa mabaya.

"Niambie."

"Nilimuuza. Sijui kwa nini. Najitafuta moyoni nione sababu, labda njaa, labda ukichaa, naona debe tu. Naukumbuka uzito wake mgongoni, halafu nalikumbuka debe. Katikati hamna kitu. Mtu anamuuzaje mwanawe na asijue kwa nini, Kalunde? Mimi ni mnyama gani?"

Kalunde alilia. Kwa hiyo hili ndilo lililokuwa chini ya vicheko vyote vya Ijumaa. Yeye alikuwa anakuja na kigoda chake, anapata burudani yake, anarudi nyumbani amechangamka, na shoga yake anabaki gizani na debe. Hesabu tu, amesema Kondo. Hesabu gani inayouliza swali kama hilo?

Akamweleza. Safari hii hakwenda kwa pupa, maana hapakuwa na wa kumthibitishia. Alimweleza maji ya kiuno, na jinsi alivyomfunga mtoto kwa khanga mbili asiteleze. Alimweleza jinsi alivyosimama barabarani gari limeshapotea, amekumbatia debe kwa sababu hakujua mikono yake aifanyie nini. Alimweleza treni zote alizozipokea. Mwisho akamweleza msiba, gauni, mchi, na uongo wake mwenyewe.

"Kwa hiyo ni wewe," sauti ilisema.

"Ni mimi."

Jiwe likaanza kucheka, taratibu, kisha kwa nguvu, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. "Nikakaangia maandazi! Mnyamwezi mshenzi wewe! Na Mwinyimvua alicheka?"

"Alianguka."

"Mungu akulaani. Na mtoto? Alipona?"

"Alikuja jana. Mtu mzima. Anatembea bega mbele, na akicheka ni wewe."

"Mwavita wangu," Sikudhani alisema. "Mwavita wangu alikuja." Alilirudia mara nyingi. Kisha akauliza, "Ukiondoa mkono nitasahau, eti?"

"Utasahau."

"Nitabaki na nini?"

"Na debe."

"Basi usiondoe."

Kalunde hakuondoa. Alikaa akimsimulia mtoto alivyovaa, alivyopiga magoti, alivyosema shikamoo kwa lafudhi ya bara. Jua lilipanda likamchoma kisogoni, bega likamfa ganzi, mkono ukaanza kuteleza. Alijaribu kuushikilia kwa mkono wa pili. Alijua hawezi kukaa hapo mpaka Kiyama, na alijua kwamba dakika kiganja kitakapoteleza, mwanamke huyu anayefurahi ataamka tena akiwa mnyama asiyejua kwa nini. Basi azimike akiwa anajua. Haki nyingine ya kumpa hakuwa nayo.

Aliwaza pia, kwa kuwa alikuwa binadamu, kwamba siku atakayozikwa yeye hakuna Mzaramo atakayevaa gauni lake. Watamsifu, na jiwe lake litasema watoto ni baraka.

"Sikudhani," alisema, na kiganja cha kushoto akakiweka ubavuni mwa jiwe.

"Abee, Mnyamwezi."

"Sikudhani binti Pazi."

"Sasa hayo majina ya kirasmi ya nini?" sauti ilisema, bado ina kicheko ndani yake. Baada ya hapo jiwe likawa jiwe.

*

Alikuwa hajapata nguvu za kuinuka aliposikia mchanga ukikanyagwa nyuma yake. Mwavita alikuwa amesimama na chupa ya marashi. Macho yamemvimba.

"Treni nimeiacha," alisema. Aliongea haraka, kama mtu anayeogopa kughairi. "Sikulala, Bibi. Nimewaza, sawa, aliniuza. Pengine alikuwa na njaa. Pengine unasema kweli, sijui, sitajua. Lakini kile kicheko. Nimecheka hivyo maisha yangu yote, nyumbani wananiuliza nimekitoa wapi, na mimi sijui. Jana nimekisikia. Siwezi kwenda kukaa Manyoni na kicheko chenyewe kiko huku. Nimekuja nimwambie nimemsamehe. Na kila likizo nitakuwa nakuja, tunacheka tu, hatuongei mengine."

Kalunde alinyoosha mkono kumzuia, akachelewa.

Mwavita alipiga magoti, akafungua chupa, akanyunyiza marashi juu ya mchanga kuanzia miguuni hadi kichwani. Akaweka kiganja. Akangoja. Akakiondoa, akakipangusa kwenye gauni, akakiweka tena.

"Mama?"

"Nimemzima," Kalunde alisema. "Nilidhani umekwenda. Alikuwa anaumia, mwanangu. Amezimika anajua hakukuuza. Amezimika anacheka."

Mwavita aligeuka polepole. Ilimchukua muda kuelewa, na uso wake ulipoelewa, Kalunde alitamani ardhi impasukie.

"Mchawi," Mwavita alisema. "Ulimuua kwa mdomo, sasa umemuua kwa mkono. Mwizi! Mwizi wewe! Umeniibia mama yangu!"

Sauti ilikuwa ya Sikudhani, ukali wote na pumzi zote, na neno lilikuwa lile lile la kila Ijumaa. Ulimi wa Kalunde, ambao haukuwa na mazoea mengine, ukajibu wenyewe kabla hajauzuia:

"Niibe nini kwa Mzaramo?"

Akamtazama Mwavita usoni, akingoja kicheko.